Ndoa Yetu Ilivyosomwa Chuoni

Tulipomzika mume wangu mwaka jana, mvua ikiwa imetulia kidogo tu ili tuteremshe sanduku, alikuja mwanamke mmoja kwa gari la chuo kikuu, amevaa koti jeusi, nyuma yake vijana watatu wamebeba shada la maua. Sikumtambua mpaka aliponishika mikono yote miwili akainamisha kichwa upande, hivi, kama kuku anayesikiliza mwewe. Hapo nikajua ni Kendi. Kichwa kile kilifundishwa kuinama, na mimi nilikuwepo kikifundishwa. Tukakaa chini ya hema na sahani za wali mapajani, akaniambia kwamba siku hizi naye ni daktari, si wa sindano, wa maneno, na ana wanafunzi wake mwenyewe anaowafundisha kazi ya kutibu ndoa na familia za watu. Akasema kisa chetu bado anakitumia darasani. "Nimebadilisha majina, mama, usiwe na wasiwasi." Nikamuuliza, "Na mwisho, umeubadilisha?" Akacheka kidogo, akadhani ni utani wa mfiwa, akaniomba siku moja nije niongee na wanafunzi wake. Wale vijana waliobeba shada walikuwa wakinitazama vile mtu anavyotazama mlima aliousoma kitabuni. Nimekataa kwenda. Lakini tangu siku ile sijapata usingizi mzuri, kwa hivyo nitauandika ule mwaka mimi mwenyewe, kwa Kiswahili changu cha darasa la nne, na mwisho wake ukiwa mahali pake.

Sitaanza na nilizaliwa wapi na babu yangu alikuwa nani. Hayo ni ya watu wakubwa. Na watu wakitaja mwaka uliowafundisha maisha, mara nyingi hutaja ujana. Mimi ujana haukunifundisha kitu, nilikuwa na kazi nyingi. Mwaka wangu ulinijia nikiwa nimeshazaa na watoto wameshaondoka nyumbani, mwili ukiwa bado na nguvu ya kuinua gunia la viazi, na kichwa kikiwa na swali moja tu. Nitalisema swali hilo mapema ili msinifuate mkilitafuta. Mzee wangu, M'Ikiara, alikuwa dereva wa lori. Alibeba viazi vyetu vya Kibirichia akavipeleka Embu, akarudi na mizigo ya kule. Miaka mingi Embu ilikuwa safari ya kwenda na kurudi. Halafu ikawa safari ya kulala. Halafu akawa akirudi anakula kidogo, kama mtu aliyekula mahali. Mwanamke haambiwi na mtu, huambiwa na sufuria inayobaki na chakula. Nilimuuliza mara ya kwanza, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Nilimuuliza mara ya pili, ng'ombe. Ng'ombe wetu waliangaliwa sana miaka ile.

Na mnielewe vizuri, sikutaka kuachana naye. Ningeenda wapi, na shamba nimelilima mimi? Nilitaka aniambie kwa kinywa chake kama kule Embu kuna nyumba nyingine. Basi. Baba yangu alikaa na wazee kwenye kesi nyingi za watu, na alikuwa akisema kosa halitumiwi mjumbe. Aliyekosa husimama mwenyewe, huongea mwenyewe, mbuzi huchinjwa, watu hula, na kesho yake hakuna anayeruhusiwa kulitaja tena. Ukilitaja, sasa ni wewe mwenye kosa. Mimi nilitaka mbuzi wangu. Wazee wa upande wake walikuja, wakanywa uji, wakamuuliza, akasema hakuna kitu, wakaondoka. Pasta akaja na mkewe, tukaomba, mzee akasema amina kwa sauti kubwa kuliko sisi wote. Ikabaki hapo, kama mfupa kooni, haushuki wala haupandi.

Halafu Jumapili moja akaja kanisani mwanamke mrefu wa Embu, Daktari Wanja, viatu vyake vya kisigino vikizama kwenye matope ya uwanja, akapewa nafasi baada ya matangazo. Akasema chuo kikuu kimefungua darasa mjini Meru la watu wanaosomea kutibu ndoa na familia. Yeye ndiye mwalimu wao na msimamizi wao. Wanafunzi hawawezi kufuzu kwa vitabu peke yake, wanahitaji ndoa za kweli za kujifunzia, na yeye atakuwa hapo hapo akiwaangalia wasikosee. Ni bure. Mama Kathure, tuliyekuwa tumekaa naye benchi moja, akaninong'oneza, "Kama wale vijana wa kinyozi wanaotafuta vichwa vya kujifunzia." Nikacheka mpaka mzee wa kanisa akanitazama. Lakini nilikwenda kwa Daktari Wanja baada ya ibada. Kilichonishangaza ni M'Ikiara kukubali. Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye wiki nzima. Akakoroga chai yake, akasema, "Twende. Hao hawatujui."

Darasa lilikuwa orofani, jengo la kukodi katika mtaa wa Majengo. Chini kulikuwa na duka la nyama, kwa hivyo ndoa yetu ilitibiwa na harufu ya mbuzi wa kuchoma, na wakati wa adhana ya adhuhuri ilibidi sote tunyamaze kidogo kwa sababu kipaza sauti cha msikiti kilikuwa karibu na dirisha. Nilipenda kunyamaza kule. Kilikuwa kipande pekee cha saa nzima ambacho hakuna aliyeniuliza ninahisi nini. Chumba chenyewe kilikuwa na viti vitatu vya kitambaa, meza ndogo yenye karatasi laini za kufutia machozi, simu ya waya, na kioo kikubwa ukutani. Daktari Wanja alitutembeza kwanza, lazima niwe mkweli, hakutuficha. Alitupeleka chumba cha pili, nyuma ya kile kioo, na kumbe ukiwa kule hakikuwa kioo, kilikuwa dirisha. Wanafunzi walikuwa wamekaa kwa safu kwenye viti vya plastiki, chupa ya chai katikati, mandazi kwenye sahani. Wakasimama kutusalimia. "Hapa ndipo tutakapokuwa," akasema Daktari. "Kendi atakuwa na nyinyi ndani. Akikwama, nitampigia simu. Na tunarekodi, ili tujifunze. Mnakubali?" M'Ikiara akauliza kama mandazi ni ya wagonjwa pia. Wakacheka, wakampa moja, na hivyo ndivyo tulivyokubali.

Jambo la pili alilotuomba, na alituomba kwa upole sana, ni kwamba tuongee Kiswahili. Yeye ni wa Embu, angeweza kubahatisha Kimeru chetu, lakini kulikuwa na wanafunzi wa pande nyingine, na wote walipaswa kufuata. Nilisema sawa. Mtu akiombwa vizuri husema sawa. Ni baadaye nilipoona tulichokubali. Mimi sijawahi kugombana na mume wangu kwa Kiswahili. Kiswahili kwangu ni cha sokoni, cha hospitali, cha kuongea na polisi. Nilipojaribu kumwambia M'Ikiara uchungu wangu kwa lugha ile, nilijisikia kama mtu anayeuliza bei ya kitambaa. "Unakaa Embu siku nyingi," nikasema. Akajibu, "Ni kazi." Kwa Kimeru ningemwambia maneno ambayo yangemtoa kitini. Kwa Kiswahili tulikuwa watu wawili wenye adabu.

Kendi mwenyewe alikuwa msichana wa huku kwetu, baba yake ana shamba la miraa huko Laare, alisoma kwa jasho la watu, na alitaka sana kufuzu. Siku ya kwanza aliogopa kuliko sisi. Alikuwa na namna ya kusema kitu ulichosema, lakini akakigeuza kidogo na kukurudishia, kama mtu anayekunja shuka. Nikisema, "Nimechoka," anasema, "Nasikia kwamba umechoka, mama." Siku moja M'Ikiara akamwambia, "Mtoto wetu, si nimekaa hapa, mimi pia nimesikia." Kisha simu inalia. Kendi anainua, "Ndiyo, Daktari," ananyamaza, anaiweka chini, na sauti inayotoka sasa si yake. "Mzee, mama akisema amechoka, wewe mwilini mwako unasikia nini?" M'Ikiara akaanza kuiita ile simu mama mkwe. "Mama mkwe amepiga tena," ananinong'oneza kwa Kimeru, na mimi, na hasira zangu zote, nacheka. Nilisahau kuwaambia kwamba mzee wangu alikuwa mtu wa kuchekesha. Ndiyo maana iliniuma. Mtu mbaya hakuumizi hivyo.

Wiki ya tatu au ya nne nilimbana Kendi. Nikamwambia, "Umetusikiliza sisi wawili. Sasa sema, nani mwenye makosa?" Akainamisha kichwa. "Mama, sisi hatuamui."

"Kama hamuamui, mnafanya nini?"

"Tunatembea na nyinyi."

"Kutembea naweza peke yangu. Hata leo nimetembea kutoka steji ya matatu."

Simu ikalia. Mzee akatazama dari. Kendi akasikiliza, akasema, "Daktari anauliza, ukipata hukumu, mama, ungeifanyia nini?" Na hapo nikamwambia habari ya mbuzi, na ya baba yangu, na ya kosa kutotumiwa mjumbe. Niliongea muda mrefu, na nikaona M'Ikiara ameacha kutazama dari, anatazama viatu vyake. Nilidhani siku ile ndiyo siku. Kweli nilidhani. Midomo yake ilikuwa inatembea. Halafu muda ukaisha, kwa sababu kule muda huisha ukiwa umefika mahali, hata kama umefika mlangoni, na Kendi akasema tumefanya kazi nzuri sana leo.

Baada ya hapo Daktari Wanja akapanga tuonane na Kendi mmoja mmoja, kila mtu siku yake. Ni kawaida ya kazi yao. Mimi nikaingia, nikalia kidogo, nikatoka. M'Ikiara akaingia wiki iliyofuata, mimi nikiwa nyumbani napalilia. Sikumuuliza alisema nini. Lakini Alhamisi tuliyorudi pamoja nikaona mambo yamebadilika. Tulipopita kwenye ule ukumbi mwembamba wa kuingilia darasani, wanafunzi wote walisimama. Mmoja akanivutia kiti. Mwingine akanimiminia chai na kuniwekea mandazi mawili, na mzee akapewa moja. Hakuna aliyenitazama machoni, na wote walinitazama. Nimewahi kutazamwa hivyo mara moja tu, siku mama yangu alipofariki hospitalini na mimi nikafika na uji wake kabla hawajaniambia. Nikakaa na ile chai. Nikajiambia, Mama Makena, kuna maiti hapa na wewe peke yako hujaionyeshwa.

Nililijua lote siku ambayo haikuwa yetu. Nilikuwa mjini kwa jino, na nilikuwa nimebeba mfuko wa viazi vya kumpelekea Kendi, kwa sababu alisema vya mjini vina maji. Ukumbi ulikuwa mtupu. Nikakaa kwenye benchi nje ya darasa ningoje watoke. Ukuta wa pale ulikuwa wa mbao nyembamba, zile za kugawia vyumba, unasikia hata mtu akifungua kalamu. Nikasikia mume wangu analia. Alikuwa ndani ya kompyuta, ile rekodi ya siku yake ya peke yake, darasa linairudia, na alikuwa anaongea Kimeru, kwa sababu siku ile walikuwa wawili tu na Kendi alimruhusu, na kila akisema sentensi wanaisimamisha na Kendi anaitafsiri kwa darasa zima kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayesoma risala. "Anasema ana mtoto wa kiume kule Kiritiri, upande wa Embu." Wanaendelea, analia, wanasimamisha. "Anasema yule mtoto akisikia lori hukimbia mpaka barabarani." Wanaendelea. "Anasema hawezi kumwambia mkewe. Anasema mkewe ni mtu wa haki, na anaogopa macho yake." Sikuwahi kumwona M'Ikiara akilia. Si kwa mama yake, si kwa chochote. Machozi yale nilikuwa nimeyangoja miaka, na yalikuwa yamemwagwa kwa darasa, na mimi nimeyapata ya kutafsiriwa, nyuma ya mbao, na jino linauma.

Daktari Wanja akasema, "Simamisha hapo. Kendi, wewe ulisikia nini wakati ule?"

"Huzuni, Daktari."

"Ya nani? Yake, au yako?"

Daktari akaliacha swali lenyewe hapo, akaenda kwa jambo lingine. Akasema mtaalamu akishikilia siri ya mmoja, mwenzake anaingia chumbani kila wiki akiwa nusu kipofu, na hilo nalo ni jambo. Je, mama aambiwe? Wakabishana. Mmoja alisema aambiwe, ni haki yake. Mwingine akasema tukimwambia mama, mzee hatatuamini tena, na kazi itakufa. Wakainua mikono, nadhani, kwa sababu nilisikia Daktari akihesabu, na waliosema nisiambiwe walikuwa wengi. Kisha sauti ya msichana fulani ikasema, "Lakini Daktari, yule mama anajua. Wanawake hujua."

Daktari Wanja akauliza, "Kujua na kuambiwa ni kitu kimoja?"

Nikasikia kalamu zikiandika. Na ninasema haya kwa uchungu wote nilio nao: lilikuwa swali zuri. Lilikuwa swali langu. Nililibeba kutoka Kibirichia kwa gharama ya maisha yangu, na wao wakaliandika kwenye madaftari wakaenda nalo nyumbani. Niliinuka, nikashuka ngazi, nikampa mama muuza chai pale chini vile viazi.

Mtasema, kwa nini hukwenda nyumbani ukamkamata shati. Dada yangu aliniuliza hivyo hivyo. Lakini ningemkamata na nini? Kama ningesema, "Najua," yeye angebaki na nini cha kusema? Neno lingekuwa limetoka kwangu. Mimi nilikuwa nimeshasamehe, hilo ndilo jambo la kijinga. Kwenye benchi lile lile nilikuwa nimeshafika mbali. Ningelia wiki, ningefoka, ningemnyima maji ya kuoga, halafu siku moja ningemuuliza yule mtoto yuko darasa gani. Kilichobaki ni yeye kuanza. Kwa hivyo nikarudi kila Alhamisi na kumfungulia mlango. "Hata kama kungekuwa na jambo," nikasema mbele ya Kendi, "mimi nina umri wa kulisikia." Macho ya Kendi yakajaa maji. Akatazama kile kioo. Simu haikulia. M'Ikiara akakohoa, akasema mvua ya mwaka huu imeharibu viazi.

Nilimkamata Daktari Wanja siku moja kwenye ngazi, akishuka na mkoba wake. Nikamwambia nilikaa kwenye benchi siku ya jino, na nilisikia yote. Hakukana. Akaweka mkoba chini, na kwa mara ya kwanza niliona amechoka, macho yake yana mishipa. Nikamuuliza, "Yule anayefichwa, kwenu anatunzwa na nani?"

"Mama Makena," akasema, "nikikwambia mimi, utakuwa umeambiwa na mimi. Ndicho unachotaka?"

Nikautazama ule mkoba wake.

"Kila juma ninamsukuma Kendi amsukume. Mzee anakaribia. Nakuomba tu uvumilie."

Nilimchukia sana pale, kwa sababu alikuwa amesema sawasawa na baba yangu. Nikavumilia.

Sasa, kile ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba ugonjwa wetu ulikuwa na kalenda. Wanafunzi wale walihitaji idadi fulani ya saa za kukaa na watu ili wafuzu, na Kendi alikuwa anakaribia kuzimaliza. Mwezi wa kumi na moja alitupokea ukumbini amevaa suti mpya, amesuka nywele, mikono baridi. "Mama, mzee, leo ni ya mwisho," akasema. "Ni mtihani wangu pia. Kuna mwalimu amekuja kutoka chuo kingine, amekaa na Daktari kule nyuma." Nikasema, "Ya mwisho kwa nani?" Akasema, "Kwetu sisi. Nimekamilisha." Alikuwa na furaha na aibu usoni kwa pamoja. M'Ikiara akamshika bega. "Usiogope, mtoto wetu. Hatutakuangusha." Nikaona kwamba mzee wangu alikuwa ameshaamua leo atakuwa mgonjwa mzuri.

Tukakaa. Kendi akauliza tumepata nini mwaka huu. M'Ikiara akaanza hotuba, akashukuru chuo, akamshukuru Daktari. Mimi nikaona mlango wa mwisho unafungwa na mimi bado niko nje. Nikageuza kiti changu kabisa, mgongo ukaelekea kile kioo, nikamtazama mume wangu, nikamuuliza kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, ile sauti yangu ya nyumbani: Kiritiri kuna nini? Hilo tu. Na aliposikia jina la mahali lile kinywani mwangu, uso wake ulifunguka. Nawaapia. Ukafunguka kama wa mtu anayeamshwa, akashika magoti yake, akasema jina langu, la kuzaliwa, ambalo hakuwa amelitumia tangu watoto waanze kuzaliwa. Akavuta pumzi.

Simu ikalia.

Kendi aliitazama ikilia. Nitampa haki yake, aliiacha ilie mara nyingi. Kisha akainua, akasikiliza. "Samahani, mama," akasema, na sauti ilikuwa nyembamba. "Daktari anaomba turudi kwa Kiswahili. Mgeni hafuati."

Daktari Wanja alijua. Alijua nilichokuwa nikingoja kuliko mtu yeyote duniani, na alikuwa upande ule wa dirisha, na mgeni wake hafuati. Nikarudia kwa Kiswahili. "Kiritiri kuna nini?" Likatoka kama swali la abiria. M'Ikiara alikuwa ameshatazama kioo, akajiona mle ndani, mzee mwenye koti la Jumapili. Akavuta kola. "Kiritiri kuna joto," akasema, na nikasikia mtu mmoja nyuma ya ukuta akicheka. Halafu akamgeukia Kendi. "Mwalimu, mimi na mama tumeelewana. Andika hivyo." Mlango ukafunguliwa, wakaingia wote, wakatupa mikono, mgeni akasema kazi safi, na Daktari Wanja akanishika mkono bila kusema neno na akakawia kuuachilia. Niliuvuta mimi.

Tulishuka, tukaingia kwenye hoteli ndogo pale Majengo, tukaagiza chapati na mchuzi wa mbuzi. M'Ikiara alikula ya kwanza yote kabla hajasema kitu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu wakati wa kupalilia."

"Nani alikuambia?"

"Wewe. Nilikusikia kwa kompyuta."

Akatafuna. Nikangoja. Hapakuwa na kioo, hapakuwa na simu, tulikuwa tunaongea Kimeru, na watu wa meza ya pili walikuwa wanabishana habari ya punda. Kama alikuwa na neno, mahali palikuwa pale. Akapangusa vidole kimoja kimoja. "Kumbe unajua," akasema. "Basi ni vizuri." Akaita chapati nyingine. Na nikaona kitu kikimtoka mabegani, mzigo ule wa miaka yote, ukashuka, na haukuwa umeshuka kwa kunipa mimi. Ulishuka kwa sababu hakuhitaji tena kunipa. Kendi alifuzu na mume wangu alipona, siku moja. Akaanza kulala kama mtoto. Akanenepa. Watu wa kanisa wakaniambia, mzee amependeza, kile chuo kimewafaa, na wengine wakaenda na ndoa zao.

Kabla ya Krismasi alikwenda Embu mchana kweupe, hakusema ni mzigo, hakusema ni kazi, alisema tu, "Nakwenda." Akarudi Jumapili na mfuko wa ndengu, zile za kule chini kwenye joto, za kijani, ndogo, ambazo huku kwetu kwenye baridi hazioti. Zilikuwa zimepepetwa vizuri. Ukipepeta maisha yako yote unajua mkono wa mwanamke kwenye nafaka. Akaziweka mezani mbele yangu, akakaa kwenye kiti chake, hakwenda kuangalia ng'ombe. Nilimtazama, nikampa nafasi. Kisha nikachukua ungo, nikazichagua tena ingawa hazikuwa na jiwe hata moja, nikaziosha, nikazibandika jikoni. Nilizikaangia kitunguu na nyanya. Nikampakulia.

Akaonja. Akatikisa kichwa polepole.

"Zimeiva vizuri," akasema.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na juu ya nyumba ile ya Embu hayo ndiyo maneno yote aliyowahi kuniambia.